Alama Iliyohama: Siku Tuliyokwama Bahi Tukienda Itigi

Safari hii nimeisimulia kwa vipande. Mama Rukia nilimpa kipande akichukua sketi yake, shoga yangu wa duka la pili nikampa kingine, na sasa nasikia huko mtaani kwamba tulitekwa Bahi. Hatukutekwa. Nimeamua kuiandika yote mara moja, kila mtu aisome mwenyewe, maana nikiwaachia ninyi itazunguka Chang'ombe mpaka ifike tumeshazikwa.

Ihumwa, kwa kurudi nyuma kwanza

Itigi iko magharibi na Ihumwa iko mashariki, nami nilianza kwa kwenda mashariki. Wifi yangu Hawa, dada wa marehemu mume wangu, anakaa Ihumwa karibu na reli, na nilikuwa nimeapa kwamba sitasafiri peke yangu na ule mzigo.

Mzigo wenyewe mnaujua, mlinikuta nikiushona. Tatu, binti wa marehemu dada yangu, alikuwa anaolewa Jumamosi asubuhi huko Itigi. Dada yangu alipokuwa kitandani siku zake za mwisho nilimwahidi kwamba Tatu ataolewa akiwa amevaa kazi ya mikono yangu. Kwa hiyo kulikuwa na gauni la bibi harusi, magauni sita ya wasindikizaji, na sare za akina mama wa upande wetu. Hakukuwa na nguo ya akiba Itigi. Tusingefika, Tatu angetoka mbele ya watu na gauni la kuazima.

Mliniuliza kwa nini sikutuma kwa basi. Nilishawahi kutuma furushi la sare kwa basi, likafika limepungua mbili, na kila niliyemuuliza aliapa kwa Mungu. Tangu siku hiyo mzigo wangu haukai mbali na macho yangu. Ndiyo maana nikaliwasha gari la marehemu mume wangu, ile pikapu kuukuu ya silinda nne ambayo watoto wangu wote wameikuta.

Hawa alitoka na chapati kwenye hotipoti na karanga za kuchemsha kwenye mfuko. Jirani yake mmoja akatusaidia kufunga turubai nyuma. Alipoondoka nililifungua, nikahesabu mifuko, nikalifunga tena. Hawa alinitazama tu. Yeye ni mtu wa kuamkia kila anayepita, hata asiyemjua, na mara nyingi huwa namwambia kwamba siku moja atamwamkia mwizi.

Kutoka mjini hadi Bahi

Gauni la bibi harusi lilikuwa mapajani mwa Hawa, ndani ya shuka jeupe. Tulipita mjini kabla magari hayajawa mengi, tukashika barabara ya Singida. Gari lilikwenda vizuri. Mimi nilikuwa nasikiliza injini kama mtu anayesikiliza wapangaji wake wakinong'ona.

Tulipoanza kushuka kuelekea bonde la Bahi, injini ikaanza kukosa nguvu. Nikikanyaga mafuta, inasita kwanza ndipo iitike. Hawa akasema labda imechoka. Nikamwambia gari halichoki, linaharibiwa na mtu. Nikaanza kuwapitia kichwani wote walioligusa mwezi ule: aliyebadilisha oili, aliyeziba pancha, kijana wa kuosha. Kabla sijapata wa kumlaumu, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Tukaserereka mpaka pembeni, karibu na pale mabasi yanaposimama. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Bahi, saa sita nzima

Mwendesha bodaboda mmoja alituletea fundi. Jina lake Shabani, mtu wa maneno mengi na mikono ya haraka. Alifungua boneti, akanusa, akasema tatizo ni distributa. Wengine hamjui hiki kidude: ni kile kikombe chenye nyaya nne nene, kinachogawa moto kwa kila plagi kwa zamu yake. Ndani yake kuna kipande kinachozunguka kinaitwa rota. Shabani aliitikisa distributa kwa mkono, ikacheza. Nati inayoibana ilikuwa imelegea.

Hapo angekaza tu labda mambo yangekuwa mepesi. Aliichomoa yote. Aliifuta, akairudisha, akaniambia niwashe. Injini ikalipuka kwenye kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa, kwa mlio kama wa bunduki, na kuku wa mama mmoja wa pale wakatawanyika. Akaichomoa tena, akazungusha injini mpaka alama iliyochongwa kwenye puli, lile gurudumu la mkanda la mbele, ikalingana na ncha ya chuma iliyo kwenye mwili wa injini. Akaeleza kwamba alama ikikaa pale, pistoni ya kwanza iko juu kabisa, na hapo ndipo moto unapotakiwa kuanzia. Akairudisha distributa. Nikawasha. Mlio ule ule.

Basi akachomoa rota, akaitia mfukoni, akasema anakwenda kuilinganisha na nyingine kwa rafiki yake, akapanda bodaboda. Nilimwita, tayari alikuwa vumbi.

Wakati huo ndipo nilipomwona vizuri yule mtu. Alikuwa amekaa kwenye jiwe tangu tulipofika, mzee mwembamba mwenye koti la kaki na begi lililokuwa likigonga kwa vyuma kila akilisogeza. Hawa alishampa shikamoo, na tayari alijua jina lake ni Ndahani na kwamba anakwenda Itigi. Mimi sikumwamkia. Nilimuuliza anaendea nini.

"Namchukua mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Mtu wangu."

Jibu hilo halikunipendeza. Wala halikunipendeza lililofuata. Lilikuja basi la kwanza la kwenda Manyoni na Itigi, likasimama, likaondoka. Yeye akabaki kwenye jiwe. Likaja la pili, vilevile. Mtu mwenye safari haachi mabasi mawili. Nikamnong'oneza Hawa kwamba huyu anangoja mzigo wetu. Nikatoa simu, nikajifanya natafuta mtandao, nikampiga picha, nikamtumia mwanangu na maneno: tukipotea, ni huyu.

Baada ya muda akaja, akaniomba simu ampigie mtu wa Itigi, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imezima chaji. Simu ya Hawa nayo ilikuwa imezima. Nikamwambia sina salio. Nilikuwa nalo. Akasema haya, akarudi kwenye jiwe lake.

Shabani alirudi baada ya saa nzima na rota mkononi. Aliapa ni ile ile. Kisha akasalimiana na yule mzee, mbukwenyi, mbukwenyi, wakazama kwenye Kigogo. Mimi baba yangu na mama yangu ni watu wa mjini, Kigogo changu kinaishia kwenye salamu. Niliwaona wakinyooshea kidole gari, kisha mifuko, kisha mimi. Nikauliza wanasema nini. Shabani akajibu kwamba wanazungumza habari za mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe toka pembe hadi pembe.

Nikapanda nyuma ya gari nikakaa juu ya mifuko, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Hawa alikwenda akaleta wali na perege wa kukaanga kwenye sahani moja, akaiweka pembeni yangu, akawakaribisha wote wawili. Walikula kwa adabu, hawakugusa samaki wa upande wangu. Nilipomuuliza Hawa kwa nini analisha watu asiowajua, alisema wana njaa.

Wakiwa wananawa ndipo Shabani akaniambia kweli yake. Hakujua tena la kufanya. Alama amelinganisha mara tatu, na injini bado inalipuka. Mzee Ndahani aliwahi kuwa fundi, akasema, na walichokuwa wakizungumza ni kwamba mzee anataka kujaribu, ila ameona ninavyomtazama, anaogopa kuniomba.

Nikamgeukia yule mzee. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu asubuhi.

"Gari lina fundi," akasema. "Si vizuri kumwingilia mtu kazi yake. Sasa ameniita."

Alifungua lile begi. Vyuma vilikuwa spana, zimefungwa kwenye kitambaa kwa ukubwa wake. Nilishuka, lakini nilisimama begani kwake, na nilimwambia kwamba kila atakachokigusa anieleze. Hakukasirika. Alianza na puli. Akanionyesha kwamba puli hii si chuma kimoja. Kuna kitovu ndani, kuna pete nje, na katikati kuna mpira unaovishikanisha. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka.

"Alama iko kwenye pete," akasema. "Kama pete imeteleza juu ya mpira, alama imehama nayo. Shabani hakukosea. Anafuata alama ya uongo."

Nikamuuliza atajuaje. Hata mimi ningeweza kusema puli imeteleza.

Akasema tuache alama, tumuulize pistoni mwenyewe. Akafungua plagi zote nne. Akaomba kitu chembamba, kirefu, kisicho chuma. Nikatoa kwenye mkoba wangu sindano ya kufumia, ile ya plastiki. Akaiteremsha taratibu kwenye tundu la plagi ya kwanza mpaka ikagusa kichwa cha pistoni, akaishika kwa vidole viwili. Shabani akaweka spana kubwa kwenye bolti ya puli akaanza kuizungusha injini pole pole. Sindano ikapanda. Niliiona kwa macho yangu ikipanda, kisha ikasimama, kisha kwa muda ikawa haifanyi kitu huku puli ikiendelea kuzunguka, kisha ikaanza kushuka.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Pistoni akifika juu hukaa kidogo kabla ya kurudi, na huwezi kusema kwa jicho kwamba juu kabisa ni hapa au ni pale. Mzee akafunga uzi kwenye sindano. Wakarudia: sindano ikipanda, uzi ulipofika usawa wa mdomo wa tundu, akasema simama, akaniomba chaki yangu ya kushonea, akaweka mstari kwenye puli pale ilipoelekea ile ncha. Wakaendelea, sindano ikapita juu, ikashuka, uzi ukafika usawa ule ule. Mstari wa pili. Akasema juu kabisa ni katikati ya mistari hii miwili, akaanza kukadiria kwa kidole gumba.

Kukadiria nikakukataa. Nimeshona miaka ishirini na minane. Katikati ya kitu haikadiriwi. Nikachukua uzi, nikaulaza juu ya mviringo wa puli kutoka mstari hadi mstari, nikaukata, nikaukunja mara mbili, nikaulaza tena. Mwisho wa mkunjo nikaweka alama yangu. Mzee aliinama akaitazama, akatazama na ile iliyochongwa. Zilikuwa mbali kwa upana wa vidole viwili.

"Hiyo ndiyo kweli," akasema. Shabani akakaa chini kabisa kwenye vumbi.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akasema bado, maana pistoni hufika juu mara mbili, na mara moja tu ndiyo inayotaka moto. Mara moja anapanda akibana hewa na mafuta. Mara nyingine anapanda akitoa moshi. Kwa sindano, mara zote mbili zinafanana. Tukikosea hapo, moto utatokea wakati usiotakiwa na kabureta italipuka tena. Akaniambia niweke kidole juu ya tundu la plagi, nizibe.

Nikarudisha mkono wangu. Nilikuwa namwona Shabani na ile spana, na nilijua kidole kikitumbukia hakitatoka kama kilivyoingia. Na mikono hii ndiyo inayonilisha. Nikasema aweke yeye. Akasema ataweka nikitaka, lakini mimi nilisema kila kitu nielezwe, na hili halielezeki.

Hawa akanyoosha mkono. "Mimi nitaweka, wifi."

Nikamzuia. Nikaweka changu.

Shabani akazungusha. Alama yangu ya chaki ikafika kwenye ncha. Chini ya kidole hapakuwa na kitu, pumzi kidogo ya uvivu. Nikasema hamna. Akazungusha mzunguko mzima mwingine, na safari hii, alama ikikaribia, kitu kikanisukuma kidole kutoka ndani. Nilibana. Kikasukuma zaidi, na upepo ukapenya pembeni ya kucha kwa mlio mwembamba. Nilisahau kwamba nilikuwa na hofu. Nikasema, "Huyu hapa."

"Acha hapo hapo," mzee akamwambia Shabani.

Akaingiza distributa rota ikielekea waya wa plagi ya kwanza, akaizungusha kinyume kidogo tu ili moto utangulie, akakaza nati. Nikamuuliza nati hiyo nani aliilegeza. Akasema barabara. Nilingoja ataje mtu, hakutaja. Wakarudisha plagi na nyaya kwa mpangilio. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa ufunguo.

Iliwaka mara moja, ikanguruma sawasawa. Mama wa kuku alipiga makofi. Ilikuwa saa nane mchana.

Kupanda Saranda

Shabani alikataa malipo ya zaidi ya muda wake, akasema siku hii amesoma. Mzee Ndahani sikuweza kumwacha njiani, ila sikuwa nimebadilika kiasi mnachodhani. Hawa alitaka tubanane watatu mbele. Nikasema gauni litakunjika. Basi mzee akakaa nyuma na mifuko, nami nikawa na jicho moja barabarani na jicho moja kwenye kioo.

Tulipita Kintinku salama. Tulipoanza kuupanda mlima wa Saranda, injini ikivuta vizuri kuliko ilivyovuta asubuhi, nikatazama kioo nikamwona amelala kifudifudi juu ya mifuko, mikono yote miwili imezama chini ya turubai. Nilikanyaga breki hata Hawa akakumbatia gauni. Nikashuka, nikazunguka, nikamwambia atoe mikono.

Akatoa. Vidole vilikuwa vyekundu, na kiganja kimoja kilikuwa na mchubuko. Kamba ilikuwa imekatika tangu Kintinku, akasema. Aligonga paa, hatukusikia. Turubai lilitaka kuruka na mifuko, kwa hiyo akailalia na kushika ncha kwa mikono.

Nikahesabu mifuko. Ndiyo, nilihesabu mbele yake, sitawaficha. Ilikuwa yote. Tukafunga kamba upya, mimi na yeye. Kisha nikamwambia Hawa aliweke gauni wima mlangoni, na mzee aje akae mbele.

Manyoni tulinunua maji na ndizi, hatukukaa. Njiani Hawa, kwa yale maswali yake ya upole, akamtoa habari yote ambayo mimi sikuipata kwa ukali. Mtu wake ni mkewe, Damari. Alipasuliwa jicho hospitali ya Itigi, akaruhusiwa, yuko kwa dada yake, na yeye alimwahidi kufika saa nne asubuhi ili warudi Bahi siku hiyo hiyo. Nikamuuliza basi kwa nini aliyaacha mabasi mawili.

"Niliona distributa imechomolewa bila kuwekewa alama," akasema. "Nikajua mtakwama. Ninyi ni wanawake wawili na mzigo."

Niliendesha mpaka Itigi bila kutazama kioo tena.

Itigi

Tatu alivaa gauni lake Jumamosi, na picha mmeziona. Lililotokea kabla ndilo hamjalisikia.

Tulimpeleka mzee kwanza kwa shemeji yake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Damari alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, kifurushi chake kimefungwa ubavuni, jicho moja limefunikwa bandeji nyeupe. Lile lililobaki lilimtazama mumewe, koti lake lenye oili, kisha likanitazama mimi, likamtazama Hawa, likarudi kwangu.

Nikasema shikamoo. Akaitika kwa kunyanyua kidevu.

"Saa nne," akamwambia mumewe. "Nimekaa hapa tangu saa nne. Na hawa ni akina nani?"

Mzee akasema walikuwa wameharibikiwa na gari Bahi, amewatengenezea. Damari akasema Bahi ina mafundi wake, na mabasi yamepita hapa, ameyahesabu kwa masikio. Akasema mtu anaondoka kwake kumfuata mkewe mgonjwa, anafika jioni ameshushwa na wanawake wawili na gari limepakia nguo za harusi. Mzee akaanza kufuta oili kwenye koti lake. Nikaona kwamba huyu mtu, aliyejua kumuuliza pistoni, hakujua kujitetea.

Nikasogea. Nikasema ni kweli, mama, ametutengenezea. Akaniuliza, kama ni kweli, gari lilikuwa na nini. Nikaeleza distributa, nikaeleza mpira wa puli na alama iliyohama. Alinisikiliza kama mwalimu anayengoja mtoto akosee. Baadaye nilijua kwamba walikuwa na karakana pamoja miaka mingi, yeye ndiye alikuwa akimshikia taa.

"Na pistoni ilipofika juu," akasema, "mlijuaje kama ni mara yenyewe?"

"Niliziba tundu kwa kidole. Mara ya kwanza hapakuwa na kitu. Mara ya pili upepo ukanisukuma."

"Wewe uliziba?"

"Mimi mwenyewe."

Akanyoosha mkono, akashika wangu, akausogeza karibu na jicho lake zima. Kucha ilikuwa nyeusi bado. Akakinusa kidole. Uso wake ukalegea kidogo, halafu ukakaza tena.

"Simu je? Asingeweza kupiga hata mara moja? Nilidhani amekufa njiani."

Hawa akanitazama. Mzee akatazama chini, na nilijua kabisa kwamba hatasema. Ningeweza kunyamaza.

"Aliniomba yangu," nikasema. "Nikamwambia sina salio. Nilikuwa nalo. Nilidhani ni mwizi."

Dada yake Damari, aliyekuwa mlangoni na sufuria, alisimama vile vile. Kisha Damari akaachia mkono wangu, akasogeza kifurushi, akampisha mumewe mkekani. Akamwambia akanawe kwanza.

"Na wewe wa simu," akaniambia, "ingia jikoni usonge ugali. Dada amechoka, na mimi sioni vizuri."

Nikaingia. Maji yalikuwa yanachemka, unga wa uwele umewekwa kwenye ungo. Nilikuwa nimeshaanza kuumimina nilipohisi mtu nyuma yangu. Damari alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mwimo, na jicho lake moja halikubanduka mikononi mwangu mpaka nilipoepua.